Siku Tisa Katavi Bila Umeme: Tathmini ya Paneli ya Kukunja, Pawabanki na Chaja ya USB kwa Mpiga Picha

Anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwa ajili ya picha hana budi kuamua mapema umeme wa kamera yake utatoka wapi, kwa kuwa akishaondoka Sitalike na kuingia porini hakuna soketi inayomsubiri. Mimi na mwenzangu, dada ambaye hupiga picha mnato na video pia, tulipiga hema huko kwa siku tisa, mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, wakati ambapo Mto Katuma umebaki madimbwi ya tope na viboko wamesongamana humo wakigombea nafasi ya kulaza miili yao. Katika majira hayo kamera haipumziki tangu alfajiri, na betri iliyokwisha saa mbili asubuhi ni hasara isiyofidika, maana viboko wawili wanaopigana hawatarudia pigano lao kwa ajili ya mtu aliyekwenda kutafuta chaja.

Vifaa ninavyovitathmini ni vitatu, navyo hufanya kazi kama mnyororo mmoja. Cha kwanza ni paneli ya sola ya kukunja iliyoandikwa wati 28, yenye matundu mawili ya USB. Cha pili ni pawabanki ya mAh (miliampea-saa, ambazo elfu moja ni ampea-saa moja) 26,800 yenye njia mbili za kuingiza umeme. Cha tatu ni chaja ndogo ya USB inayochaji betri mbili za kamera kwa pamoja. Vyote vitatu havikufika shilingi laki tano. Bidhaa za namna hii huuzwa kwa majina mengi, na ndani yake hazipishani sana. Kwa hiyo nitazipima kwa namba na kwa kazi zilizofanya, ili msomaji aweze kulinganisha na chochote atakachokikuta dukani.

Kabla ya kusema lolote kuhusu paneli ni lazima tuzungumzie hesabu, kwa sababu wengi hukosea hapo. Watu hulinganisha mAh za pawabanki na mAh za betri ya kamera moja kwa moja, wakati namba hizo mbili zimepimwa kwa volti tofauti. Kipimo cha haki ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya EN-EL15 ya Nikon D7200 ninayoitumia ina volti 7.0 na mAh 1,900, sawa na wati-saa 13.3. Betri ya NP-FZ100 ya Sony a7 III ya mwenzangu ina volti 7.2 na mAh 2,280, sawa na wati-saa 16.4. Pawabanki yetu, ambayo seli zake ni za volti 3.7, ina wati-saa 99. Ukigawanya kwa haraka utadhani itajaza betri zangu saba na kubakiza, lakini haijazi saba. Umeme unapandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 ndani ya pawabanki, kisha unapandishwa tena ndani ya chaja, na kila hatua inamwaga kiasi fulani kama joto. Kwa vipimo nilivyochukua kwa mita ndogo ya USB, kilichofika kwenye betri kilikuwa karibu asilimia 70 ya kile kilichoandikwa, yaani betri tano. Anayepanga safari apange kwa tano.

Namba ya wati-saa 99 haikutokea kwa bahati. Mashirika ya ndege huruhusu abiria kubeba betri za lithiamu za hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali, mradi ziwe kwenye mzigo wa mkononi na zisiwekwe kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege. Zinazozidi hapo hadi 160 huhitaji ruhusa ya shirika. Sisi tulikwenda kwa gari kutoka Mbeya kupitia Sumbawanga, lakini anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba pawabanki kubwa kuliko hii inaweza kuzuiwa uwanjani kabla hata ya kuliona pori.

Sasa tuje kwenye matumizi. D7200 imepewa picha 1,110 kwa chaji moja, na a7 III picha 710 kwa kutumia skrini, kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao Japani. Vipimo hivyo hupigwa kwa utaratibu maalumu wa kuwasha na kuzima ambao haufanani na kazi ya mtu anayevizia ndege au simba. Anayepiga mfululizo wa picha kumi kwa pumzi moja hupata picha nyingi kuliko zilizoandikwa, na anayekaa nusu saa akichungulia kwa kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), akimsubiri korongo ainue shingo, huiona betri ikiisha bila kuwa amepiga hata picha hamsini, kwa kuwa kitafutio chake ni skrini ndogo inayowaka muda wote. Mimi nilitumia wastani wa betri moja kwa siku. Mwenzangu, kwa sababu ya video, alitumia mbili. Jumla ilikuwa wati-saa 46 kwa siku ndani ya kamera, ambazo zinahitaji wati-saa 66 hivi kutoka kwenye pawabanki.

Paneli iliweza kurudisha kiasi gani? Wati 28 zilizoandikwa mgongoni mwake ni za maabara, ambako mwanga ni wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zenyewe zina joto la nyuzi 25. Katavi mwezi Oktoba mwanga unakaribia kiasi hicho adhuhuri, lakini seli nyeusi iliyolala juani hupata joto la nyuzi 60 bila shida, na seli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Ukiongeza hasara ya kigeuzi kilichomo kwenye mfuko wa matundu ya USB, kilichobaki mchana mweupe kilikuwa wati 17, na mara moja tu niliona 18. Sikuvunjika moyo, kwa sababu nilitarajia hivyo. Kilichonishangaza ni kwamba nilipounganisha waya mmoja nilipata wati 11 tu, hata jua lilipokuwa utosini. Kila tundu lina kikomo chake. Ili kuvuna chote ambacho paneli inatoa ni lazima kuunganisha nyaya mbili, na hapo ndipo pawabanki yenye njia mbili za kuingiza umeme ilipoonyesha thamani yake. Ningekuwa na ile ya njia moja ya ampea mbili, theluthi nzima ya umeme wa mchana ingepotea bure, na pawabanki tupu ingehitaji zaidi ya saa kumi kujaa, saa ambazo siku ya safari haina.

Kuhusu namna ya kuilaza paneli, maelekezo yaliyokuja nayo yanasema iinuliwe kwa pembe kubwa kuelekea jua la kusini. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, nasi hayatufai. Katavi iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa utosini. Paneli inalazwa bapa, basi. Anayekwenda mwezi Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, aiinue kidogo ikielekea kaskazini. Niliijaribu ikiwa nyuma ya kioo cha mbele cha gari, ambako wengi huiweka kwa kuogopa vumbi, na wati zikashuka hadi kumi.

Kivuli ndicho adui mkubwa kuliko mawingu. Seli za paneli zimeunganishwa moja baada ya nyingine kama watu wanaopokezana ndoo za maji, hivyo mmoja akisimama ndoo haziendi, na tawi moja la mti likitia kivuli kwenye sehemu ndogo ya paneli linaweza kushusha umeme hadi chini ya nusu. Kambi nzuri ya Katavi ni ile iliyo chini ya mti mkubwa, kwa sababu joto la mchana halivumiliki; kumbe paneli inataka kinyume chake. Tulinunua waya wa USB wenye urefu wa mita tatu, mnene, ili paneli ikae uwanjani na pawabanki ikae nasi kivulini. Dereva wetu, aliyekuwa na jicho kali kuliko sisi sote, alizoea kuniamsha kwenye usingizi wa mchana kwa maneno yale yale, "Kaka, jua limehama," nami niliinuka kuisogeza. Bila yeye nusu ya umeme wetu ungeishia chini ya kivuli cha mkwaju. Pia alikaa kuilinda, kwa kuwa tumbili wa kambini hawaachi kitu kinachong'aa bila kukikagua. Mbung'o nao waliipenda: huvutiwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na kila nilipoinama kufuta vumbi kwenye paneli nilikuta wametua pembeni yake wakinisubiri. Anayefanya kazi hii avae shati la mikono mirefu lenye rangi ya udongo.

Kasoro moja ya paneli hii naisema wazi. Nyuma yake imeshonewa mfuko wa kuwekea simu au pawabanki wakati wa kuchaji. Mfuko huo ni hatari. Siku ya pili niliitii picha iliyo kwenye boksi, nikaweka pawabanki humo, na baada ya saa moja na nusu nikakuta imejizima, ikiwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuishika kwa muda. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, na mfuko uliobandikwa nyuma ya bati jeusi lililolala juani hupita kiwango hicho mapema. Nashukuru kwamba kinga yake ya ndani ilifanya kazi. Tangu siku hiyo pawabanki ilikaa kivulini, ndani ya kikapu kilicho wazi, nami nauona mfuko ule kuwa mahali pa kuhifadhi nyaya tu.

Siku ya tano upepo ulileta moshi wa moto wa nyika kutoka nje ya hifadhi, na anga likawa la kijivu tangu asubuhi. Paneli ilitoa wati tisa adhuhuri, kisha saba. Siku hiyo ndiyo iliyonionyesha kwa nini pawabanki haifai kuachwa nyumbani hata kama paneli ni kubwa. Wapo wanaochaji betri ya kamera moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Wingu likipita, chaja nyingi ndogo hukata umeme, na zinaporudi huchukua kiasi kidogo tu au hazirudi kabisa mpaka uzichomoe na kuzichomeka upya. Unaweza kurejea kambini jioni ukakuta betri iko pale pale ulipoiacha asubuhi. Pawabanki haina tabia hiyo: inapokea kidogo kidogo kinachokuja, na usiku, wakati wa ubaridi, inakitoa kwa utulivu. Utaratibu wetu ulikuwa kuchaji pawabanki mchana na kuchaji betri usiku, wala hatukuuvunja.

Kwa kuwa asubuhi na jioni tulikuwa matembezini, paneli ilifanya kazi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa na nusu alasiri tu, na siku nzuri ilituletea wati-saa 55 hadi 60. Tulihitaji 66. Upungufu wa kila siku ulizibwa na akiba ya pawabanki iliyotoka nyumbani ikiwa imejaa, pamoja na soketi ya gari ya volti 12, ambayo ilichaji simu na taa za kichwani wakati gari linatembea. Nasema linatembea kwa makusudi, kwa sababu tulikubaliana na dereva kwamba chochote kitachomolewa injini inapozimwa. Gari lisilowaka Katavi, karibu na kundi la nyati, ni tatizo la aina nyingine kabisa.

Chaja ya USB ya betri mbili ndiyo iliyonipendeza kuliko vyote, ingawa ndiyo ya bei ndogo. D7200 haichaji betri ikiwa ndani ya mwili wa kamera, na chaja yake ya kiwandani inataka umeme wa ukutani. Katika safari za nyuma nilibeba inveta: umeme wa gari wa volti 12 ulipandishwa hadi 220, kisha chaja ikaushusha tena hadi volti nane na kitu. Ni safari ndefu kwa umeme mdogo, na inveta yenyewe hula wati kadhaa hata ikiwa haichaji kitu. Chaja ya USB inaondoa mzunguko huo wote. Inaonyesha asilimia ya kila betri kwa tarakimu, inajaza betri zangu mbili kwa muda wa saa nne hivi, nayo huingia mfukoni. Kamera ya mwenzangu huchajiwa kwa USB ikiwa na betri ndani, hivyo yeye aliilaza usiku ikiwa imechomekwa kwenye tundu la pili la pawabanki. Wenye kamera nyingine wachunguze jambo hili kabla ya kununua: Canon EOS R, kwa mfano, huchajiwa kwa USB pale tu chanzo kinapokuwa na mfumo wa PD (Power Delivery, unaoweza kutoa volti zaidi ya 5), na pawabanki ya kawaida ya volti 5 haitaigusa.

Kuhusu betri zenyewe, nina neno kali kidogo. Miaka miwili iliyopita nilinunua Dar es Salaam betri mbili zilizofanana na za kiwandani kwa kila kitu, hata nembo, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu. Moja ilidumu picha mia mbili. Ya pili ilivimba ikiwa ndani ya kamera, na fundi alilazimika kuitoa kwa subira ya saa nzima ili mlango usivunjike. Betri bandia inauma zaidi porini, kwa sababu inapokea umeme uliouvuna kwa jasho kisha haikurudishii. Betri za watengenezaji wengine wanaojitambulisha kwa majina yao wenyewe ni habari tofauti, na zipo nzuri; ninayoikataa ni ile inayojivika jina lisilo lake.

Matumizi nayo yanaweza kupunguzwa bila kupoteza picha. Tulizima Wi-Fi na GPS, tukapunguza mwanga wa skrini, na tukaacha tabia ya kutazama kila picha mara tu baada ya kuipiga. Mwenzangu aliweka kamera ijizime baada ya dakika moja, akaona tofauti siku ile ile.

Kuna njia nyingine mbili ambazo msomaji ataziuliza. Betri ya pili ya gari, ya volti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, ambazo nusu tu ndiyo ya kutumiwa bila kuiumiza ikiwa ni ya risasi na asidi. Ni nzuri kwa kikundi chenye friji na kompyuta, lakini ina uzito wa karibu mfuko wa mchele wa kilo 25, na kwa kamera mbili ni kupita kiasi. Jenereta siizungumzii sana. Kuwasha injini ya petroli yenye kelele kwa ajili ya wati-saa 66, mahali ambapo watu wamekuja kusikiliza fisi na bundi, ni kuwanyima majirani zako wa kambi kile walichokisafiria.

Seti hii haiendi kila mahali. Niliwahi kupanda Kilimanjaro na paneli kama hii ikiwa imefungwa kwenye begi, na haikulipa uzito wake: unatembea mchana kutwa, ukungu wa msituni unafunika njia, na ukifika juu lithiamu haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Mlimani bora kubeba betri nyingi zilizojaa na kulala nazo ndani ya begi la kulalia, kwani betri iliyopoa huonekana imekwisha ilhali ikipashwa joto kifuani hurudi kufanya kazi.

Jioni ya siku ya tisa, tulipokuwa tukikunja hema, pawabanki ilibaki na taa mbili kati ya nne, betri zangu tatu zilikuwa zimejaa, na ya mwenzangu moja kati ya tatu ilikuwa tupu. Hakuna siku ambayo yeyote kati yetu aliishiwa akiwa kazini, ingawa siku ya moshi ilitukaribia. Fedha nilizokuwa nimetenga kwa ajili ya paneli ya pili nimezinunulia betri mbili halisi za EN-EL15 na mita nyingine tatu za waya mnene.